UZI: Celtel, Zain, Airtel. Historia ya mtandao uliobadilishwa jina tukiwa na laini mfukoni

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Juzi kijana mmoja aliniomba namba, nikamtajia inayoanzia 0784. Akaniuliza, "Mzee, hiyo ni Airtel?" Nikamjibu ndiyo, ila siku naisajili haikuwa Airtel wala haikuanza na 0784. Ilianza na 0748 na ilikuwa ya Celtel. Baadaye tukaambiwa ni Zain, kisha Airtel, na laini yenyewe sijawahi kuitupa. Kijana alikuwa anajua Celtel ni kampuni nyingine kabisa iliyokufa zamani. Nikaja kugundua wa umri wake wengi wanajua hivyo hivyo, ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Niseme kwanza nimetokea wapi. Kati ya 2003 na 2007 nilikuwa kibarua, baadaye fundi jenereta, kwa mkandarasi aliyehudumia minara ya simu kanda ya kati, ya kampuni zaidi ya moja. Sikuwahi kuajiriwa na kampuni ya simu. Mimi niliona mambo ya chini ya mnara: dizeli, filta, betri, mlinzi. Kwa hiyo mtanivumilia nikikaa sana huko, kwa sababu naamini historia ya mtandao huu iko kwenye minara kuliko kwenye majina yake.

Mwanzilishi ni Mohamed Ibrahim, anayejulikana kama Mo Ibrahim, Mnubi wa Sudan aliyezaliwa 1946. Uhandisi wa umeme aliusomea Alexandria, Misri, akafanya kazi kwenye shirika la simu la kwao, na 1974 akaenda Uingereza kuongeza masomo. Uzamivu aliupata Birmingham, kwenye mawasiliano ya simu zinazotembea, wakati huo hata Waingereza wenyewe hawajawa nazo. Mwaka 1983 British Telecom wakamchukua kuwa mkurugenzi wa ufundi wa Cellnet, mmoja wa mitandao miwili ya kwanza ya Uingereza, iliyowashwa Januari 1985.

1989 akaacha kazi hiyo na kuanzisha MSI, yaani Mobile Systems International. Ofisi ya kwanza ilikuwa chumba cha kulia chakula nyumbani kwake. MSI haikuuza laini kwa mtu yeyote. Kazi yao ilikuwa kuwachorea wengine mitandao: mnara ukae wapi, uwe na urefu gani, utumie masafa yapi ili usigombane na wa jirani. Walitengeneza na programu ya kompyuta ya kupiga hesabu hizo, wakaiuza nchi nyingi. Kampuni ya Marconi iliinunua MSI mwaka 2000 kwa dola zaidi ya milioni 900.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo lilikuwa linamsumbua Mo. Miaka ya 90 nchi za Afrika zilikuwa zinagawa leseni za simu za mkononi, na kampuni kubwa za Ulaya, zilizokuwa wateja wake, hazikutaka hata kuzigusa. Amesimulia mwenyewe mara nyingi: alimweleza mkubwa mmoja wa kampuni ya simu habari za leseni ya Uganda, yule bwana akashangaa atawaambiaje bodi yake waende kwenye nchi ya Idi Amin. Amin alikuwa ameshakimbia nchi tangu 1979.

Basi 1998 akaamua kuingia mwenyewe. Akatenga kampuni ya kumiliki mitandao, MSI Cellular Investments. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Celtel rasmi mwaka 2004.

Nitaendelea jioni.

#2

Mkuu uzi mzuri, ila hapo rekebisha kidogo. Kampala tulikuwa na Celtel kabla ya 1998. Nilikuwa nasoma Makerere, na aliyekuwa na simu ya Celtel wakati ule alikuwa mtu mzito.

#3 Mleta uzi

Uko sahihi mkuu, ahsante. Celtel Uganda iliwashwa 1995, ndiyo mtandao wa kwanza wa simu za mkononi nchini humo, na MSI walikuwa na hisa ndani yake. Jina Celtel lenyewe limetokea huko. Nilichotaja 1998 ni kampuni mama ya kukusanya leseni.

Na hilo la "mtu mzito" usilipite haraka, maana lina funzo walilolipia gharama. Celtel Uganda ilikaa kama simu ya mabwana wakubwa, bei juu, wateja wachache. MTN, kampuni ya simu ya Afrika Kusini, walipoingia 1998 walikuja na kadi za kulipia kabla na bei ya mtu wa kawaida, na haikuchukua muda wakawapita. Nchi zilizofuata Celtel hawakurudia kosa hilo.

#4 Mleta uzi

Naendelea.

Zambia 1998. Malawi na Kongo Brazzaville 1999. Gabon, Chad, Sierra Leone 2000, na Desemba mwaka huo huo Kongo ya Kinshasa, vita ikiwa bado inawaka. Burkina Faso, Niger na kwetu 2001. Ukiitazama orodha hiyo utaona ni zile nchi ambazo wengine walizikimbia.

Benki nazo zilikimbia. Mtandao wa simu unajengwa kwa mkopo mkubwa, unalipwa taratibu kutokana na wateja. Ndivyo inavyofanyika duniani. Celtel walipokwenda kuomba mikopo ya kujenga Sierra Leone au Chad hawakusikilizwa, ikabidi wajenge kwa mitaji ya wenye hisa. Ikitumika dola, ni dola ya mtu aliyeitoa mfukoni akijua inaweza isirudi. Waliweka na sharti ambalo mimi nalisifu hadi leo: malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 lazima yapite kwenye bodi. Meneja wa nchi akibanwa na mkubwa serikalini atoe "kitu kidogo", jibu lake lilikuwa tayari, kwamba hana mamlaka, waombe bodi.

Mfano wa jinsi mambo yalivyokuwa kabla yao ni Kinshasa na Brazzaville. Miji mikuu miwili inatazamana, katikati ni mto Kongo tu, ukisimama ng'ambo hii unaona majengo ya ng'ambo ile. Ukipiga simu kutoka mmoja kwenda mwingine, sauti ilipanda satelaiti, ikaenda Ulaya, ikarudi upande wa pili, na bei yake ilikuwa ya safari hiyo. Celtel wakiwa na mitandao pande zote mbili wakaweka sahani za maikrowevu, yaani za mawimbi ya redio, zikitazamana juu ya mto. Simu ikavuka mto, basi.

Sasa minara. Mtu akisikia "kampuni ya simu" anawaza duka lenye viyoyozi. Mimi nawaza uzio wa senyenge porini, kontena jeupe lenye mitambo ndani, jenereta mbili zikipokezana, na tangi la dizeli. Umeme wa gridi haukufika sehemu nyingi, kwa hiyo kila mnara ulikuwa na mtambo wake wa kufua umeme. Hesabu yake ni hivi: jenereta moja ikifanya kazi usiku na mchana, baada ya wiki chache inataka kubadilishwa oili na filta. Ya pili ikigoma wakati ile ya kwanza imezimwa kwa matengenezo, betri zinashika kwa saa chache tu, na zikiisha wilaya nzima inanyamaza. Kuna nchi vifaa vilifikishwa kwa helikopta kwa sababu barabara hakuna. Kwetu tulitumia Land Rover na madumu, na masika tulitumia miguu.

Nakumbuka mnara mmoja kule Singida ndani. Kampuni yake siitaji. Kabla haujawashwa, wanakijiji walikuwa na kichuguu kimoja nje kidogo ya kijiji ambacho ukipanda juu yake simu inashika vijistari viwili kutoka mnara wa mbali. Jioni kulikuwa na foleni pale, mtu anapanda, anapiga, anashuka, anampisha mwenzake. Siku tunawasha, mimi nilikuwa namwaga dizeli, mikono imelowa, mlinzi akaja anakimbia na simu yake ya tochi akisema, "Fundi, iko tano! Iko tano!" Vijistari vitano, amesimama mlangoni kwake. Akampigia dada yake Dodoma pale pale mbele yangu, na alichomwambia ni kimoja tu: kwamba sasa hapandi tena kichuguu. Mwaka uliofuata nilipopita, watoto walikuwa wanachezea kile kichuguu.

Kingine kilichowabeba ni vocha. Leo tunaiona kitu cha kawaida, lakini fikirieni: mteja hana akaunti ya benki, hana anwani ya nyumba, huwezi kumpelekea bili. Ukimwambia alipe kwanza kwa kukwangua kadi kwa ncha ya sarafu, tatizo lote limeisha. Kampuni inapata fedha kabla ya kutoa huduma, hakuna deni la kufukuzia. Mwenye duka la sukari na chumvi akawa wakala wa simu bila kusomea.

#5

Mleta uzi tuwekee na ya Tanzania. Mimi nilisikia Celtel ilikuwa mali ya TTCL, wengine wanasema sio. Ipi kweli?

#6 Mleta uzi

Hapa pana utata, na ndipo ugomvi wa miaka ya karibuni ulipotokea, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Posta na simu za Afrika Mashariki zilikuwa chini ya shirika moja hadi Jumuiya ya zamani ilipovunjika 1977. Kwetu likazaliwa shirika la posta na simu la Tanzania, nalo likagawanywa. TTCL ikaanza kazi Januari 1994 kama kampuni ya simu. Mwaka huo huo Mobitel wakaleta simu za mkononi za kwanza nchini. Tritel, Zantel, kisha Vodacom mwaka 2000 wakafuata. TTCL, wenye nyaya nchi nzima, hawakuwa na mtandao wa mkononi.

Februari 2001 serikali ikauza asilimia 35 ya TTCL kwa MSI wakishirikiana na Detecon ya Ujerumani, na wawekezaji hao wakapewa uendeshaji. Novemba 2001 Celtel Tanzania ikawashwa, ikiwa tawi ndani ya TTCL. Kwa hiyo aliyekwambia Celtel ilizaliwa ndani ya TTCL hajakosea. Mwaka 2005 ikatenganishwa: Celtel ikasimama yenyewe, mwekezaji akiwa na asilimia 60 na serikali 40, na TTCL ikabaki upande wake na wawekezaji wale wale wakiendelea kushika zile 35.

Mtoto alikua haraka kuliko mzazi. Waliofanya kazi TTCL wakati ule wana uchungu na jambo hilo, na mimi siwalaumu. Wao ndio waliokuwa na viwanja, mikongo na mafundi, halafu wakaona thamani yote inakwenda upande wa simu ya mkononi.

#7

Mimi niko Nairobi, niruhusu niongeze ya huku. Kwetu haikuanza kama Celtel. Ilianza kama KenCell mwaka 2000, Vivendi wa Ufaransa wakiwa na 60% na Sameer Group ya marehemu Naushad Merali wakiwa na 40%. KenCell walianza vizuri lakini walikuwa wanatoza kwa dakika, ukiongea sekunde 10 umelipa dakika nzima. Safaricom wakatoza kwa sekunde. Watu wakahama.

Mwaka 2004 Vivendi wakataka kuondoka. MTN wakawa tayari kununua zile 60% kwa dola milioni 230. Merali akiwa mbia alikuwa na haki ya kununua kwanza kabla ya mtu wa nje, akaitumia. Alilipa hizo milioni 230 na hapo hapo akawauzia Celtel kwa milioni 250. Dola milioni 20 zikamwingia kwa biashara ambayo watu huku bado wanasema ilichukua saa moja. Ndivyo Celtel ilivyoingia Kenya.

#8 Mleta uzi

Mkuu wa Nairobi umenirahisishia kazi, shukrani.

Ile Kenya ilikuwa kipande kilichokosekana. Celtel wakawa na nchi 13, na mwanzoni mwa 2005 walikuwa wanajiandaa kuuza hisa zao soko la London. Kabla hawajafika huko, wanunuzi wakaja wenyewe. MTN walitaka, lakini MTC ya Kuwait wakapanda dau hadi dola bilioni 3.4 na kuichukua. Kampuni ya nchi zilizokimbiwa na benki, bilioni 3.4, miaka 7 tangu ianze. Wafanyakazi walikuwa wamegawiwa hisa, na Mo anasema kama 100 kati yao walitoka pale mamilionea wa dola. Yeye akaanzisha taasisi yake mwaka 2006, ile inayotoa tuzo kwa marais wa Afrika waliotawala vizuri na kuachia madaraka kwa amani.

MTC waliacha jina la Celtel liendelee, na chini yao ndipo kikaja kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko bei ya mauzo. Tarehe 27 Septemba 2006 wakawasha One Network kwa Kenya, Uganda na Tanzania.

Niwaeleze ilivyokuwa, maana kuna ambao hawakuiona kabisa. Kawaida ukienda nchi nyingine na laini yako, mtandao wa huko unakukaribisha kisha unaitumia kampuni yako bili, kampuni yako inaongeza faida yake, na wewe unalipa hata kwa kupokea simu. Celtel walikuwa wenyeji pande zote tatu, kwa hiyo hiyo bili ilikuwa wanajitumia wenyewe. Wakaifuta. Ukivuka mpaka unapiga kwa bei ya wenyeji. Ukipigiwa hulipi kitu. Salio likiisha unanunua vocha ya Kenya, unaikwangua, inaingia kwenye laini ya Tanzania. Mwaka uliofuata wakaongeza Gabon na Kongo zote mbili. Hapakuwa na mtandao mwingine duniani uliofuta mpaka namna hiyo, hata Ulaya.

Serikali za Kenya, Uganda na Rwanda zilikaa mezani na kukubaliana kuhusu jambo la aina hiyo mwaka 2014. Kampuni moja ya simu ilikuwa imelifanya miaka 8 kabla. Sisi Tanzania hatukuwemo hata kwenye kundi la kwanza la 2014, na kila nikilikumbuka linaniuma, kwa sababu mwaka 2006 tulikuwemo.

#9

Hii One Network ndiyo iliyonifanya nihame. Nilikuwa nachukua vitunguu Arusha napeleka Nairobi kupitia Namanga. Kabla ya hapo nilikuwa na simu mbili, moja ya kila upande, na dereva wangu naye mbili. Gari likikwama Kajiado, dereva anapiga laini ya Kenya ambayo mimi nikiwa Arusha siwezi kuipigia bila kumaliza vocha nzima. Baada ya Septemba ile nikabaki na moja. Mteja wangu Nairobi alinipigia kama niko mtaa wa pili. Bei ya gunia niliijua kabla gari halijafika mpakani, nikikuta imeshuka namwambia dereva asubiri. Nilichookoa kwa kujua bei mapema kilizidi nilichookoa kwenye vocha, tena mara nyingi.

#10 Mleta uzi

Mkuu wa vitunguu, hiyo komenti yako ningeiweka juu kabisa ya uzi kama ingewezekana.

Nimalizie majina. MTC walijibadilisha jina kuwa Zain mwaka 2007, neno la Kiarabu lenye maana ya uzuri, na Agosti 2008 wakalileta Afrika. Maduka yakapakwa rangi upya kwa wiki chache. Wanigeria ndio waliochoka kuliko wote: mtandao wao ulianza Econet mwaka 2001, ukaitwa Vodacom kwa muda mfupi, ukawa Vmobile, Celtel walipoununua 2006 ukawa Celtel, kisha Zain, kisha Airtel. Majina 6 kwa miaka 9, minara ile ile.

Enzi ya Zain nina machache ya kusema. Walileta huduma ya fedha iliyoitwa Zap mwaka 2009, ambayo ndiyo mama wa Airtel Money, ila M-Pesa ilikuwa imeshawatangulia miaka miwili Kenya na karibu mwaka kwetu, na mawakala wazuri wa mitaani walikuwa wameshachukuliwa. Halafu wenye hisa kule Kuwait wakataka fedha. Juni 2010 wakakamilisha kuuza shughuli za nchi 15 za Afrika kwa Bharti Airtel ya India, kwa thamani ya dola bilioni 10.7, madeni yakiwemo ndani ya hesabu hiyo. Kabla ya mwaka kwisha jina likawa Airtel.

Sunil Mittal, bosi wa Bharti, alikuja na mbinu iliyomtajirisha India: shusha bei hadi chini kabisa, watu waongee sana, faida itoke kwenye wingi. Mitambo usiendeshe mwenyewe, wape akina Ericsson, Huawei na Nokia Siemens, kompyuta wape IBM.

#11

Hapo kwenye Airtel usiwe mchoyo wa sifa mleta uzi. Huku Kenya Agosti 2010 walishusha simu hadi shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote. Wakati huo huo tume ya mawasiliano ilikuwa imekata kile kiwango ambacho mitandao hulipana simu ikitoka mmoja kwenda mwingine, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21. Safaricom walilazimika kufuata. Mwananchi wa kawaida alifaidi kuliko wakati wa hiyo Celtel yako.

#12 Mleta uzi

Nakubali mkuu, na sina haja ya kubishana. Shilingi 3 ilikuwa ni ukombozi kwa mwenye kipato kidogo. Na ulivyoeleza hicho kiwango cha kulipana ndipo siri yenyewe ilipo: kikiwa 4.42, huwezi kuuza dakika ya kwenda mtandao mwingine kwa shilingi 3, kila simu ni hasara. Tume ilifungua mlango, Airtel wakapita.

Ila mbinu ya India ilipata shida hapa. India mnara mmoja unahudumia watu waliojazana, na bei ikishuka wanaongea mara nyingi zaidi, faida inapatikana. Kwetu mnara wa Singida ndani unakula dizeli ile ile hata wakipiga watu 300 tu. Kushusha bei hakumwongezi mtu pale porini. Biashara ya Afrika iliwapa Bharti hasara miaka mfululizo, juu yake deni la ununuzi. Mwaka 2016 wakauza Burkina Faso na Sierra Leone kwa Orange. Ghana waliungana na Tigo, na mwishowe 2021 ikaenda serikalini kwa dola 1. Kilichowainua ni intaneti ya simu na Airtel Money, na Juni 2019 Airtel Africa ikaorodheshwa London, soko lile lile ambalo Celtel walikuwa wakilielekea miaka 14 nyuma.

#13

Tunaomba umalizie zile hisa za serikali. Na je, hiyo minara uliyokuwa unaimwagia dizeli sasa ni ya Airtel?

#14 Mleta uzi

Hisa kwanza. Zile asilimia 35 za TTCL zilirithiwa kutoka Celtel hadi Zain hadi Bharti, na mwaka 2016 serikali ikazinunua kwa shilingi bilioni 14.9. TTCL ikarudi mikononi mwa umma yote.

Upande wa Airtel Tanzania, Desemba 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba kampuni hiyo ni mali ya TTCL, akamwagiza waziri wa fedha wakati huo, Dkt. Philip Mpango, achunguze. Sasa mnaona kwa nini nilikwenda polepole pale #6: hoja yake ilitokana na ile Novemba 2001, Celtel ilipowashwa ikiwa ndani ya TTCL. Mazungumzo yalichukua mwaka mzima. Januari 2019 wakafikia muafaka: serikali ikapanda kutoka asilimia 40 hadi 49 bila kulipia, Bharti wakabaki na 51, na kampuni ikakubali kuilipa serikali shilingi bilioni 1 kila mwezi kwa miezi 60. Mimi naona tulipata zaidi ya nilivyotarajia, ingawa nikiwafikiria mafundi wa TTCL wa 2001 naona imekuja imechelewa.

Minara. Ile niliyoihudumia ilikuwa ya kampuni tofauti, lakini ya Airtel iliuzwa. Mwaka 2021 walikubaliana kuuza minara yao ya Tanzania, karibu 1,400, kwa kampuni ya Marekani iitwayo SBA ikishirikiana na Paradigm Infrastructure, kwa dola milioni 175. Airtel sasa ni mpangaji: antena ni zake, chuma na jenereta ni vya mwenye mnara, na antena za mtandao mwingine zinaweza kufungwa pale pale kwa kodi.

Kijana aliyenirithi kazi bado tunapigiana simu. Ananiambia vituo vingi vimefikiwa na umeme wa gridi au vimewekewa sola, dizeli imebaki ya dharura, na ofisi inasoma kiwango cha tangi kwa kompyuta. Fimbo ya kupimia mafuta niliyomwachia haitumii, lakini anayo bado nyuma ya kiti cha gari.